Mama Mkwe Kwa Televisheni

Mzee wangu alikimbia televisheni. Mtu wa miaka sabini na kitu, mtu aliwahi kufukuza nyati na panga huko mlimani, aliinuka kwa kiti, akajifunika uso na kofia, akatoka na mlango ya nyuma kama kuku imetupiwa mwiko. Na si ati kwa televisheni kulikuwa na nyati. Kulikuwa na msichana wa miaka thelathini hivi, amesuka nywele, amevaa koti nyeupe, anaongea pole pole habari ya mkojo.

Hiyo televisheni tuliletewa na binti yetu, yule anauza nguo Webuye. Alisema, "Mama, mnakaa huko Kitale na mahindi tu, mahindi tu, shikeni hii muone dunia." Dunia yenyewe tuliiona wiki mbili tukachoka. Ni watu wa siasa wanatukanana, na wasichana wazuri wanalilia wanaume wabaya. Kitu ilitushika ni kipindi ya afya, Jumapili saa tisa, kwa stesheni ya serikali. Hiyo hulipi kitu. Ni antena tu, na mtu wa kusimama nje akiizungusha huku anauliza, "Sasa? Na sasa? Bado?" mpaka daktari apate kichwa na mabega.

Nilikuwa naitazama na jirani yangu, mama wa duka. Watu wao walitoka Nyeri kitambo wakanunua shamba hapa Trans-Nzoia, na yeye amezaliwa hapa, lakini mdomo yake haijawahi hama. Jumapili akitoka kanisa anapitia kwangu moja kwa moja. "Mama, weka shai, kipindi inaanza." Na mimi namjibu na hiyo hiyo sauti yake, "Shai iko, shakula ndio hakuna." Anacheka mpaka anakalia mkono yangu.

Msituone wajinga. Hiyo kipindi ilitufundisha vitu. Ilisema chumvi ya mezani ni mbaya, nikaitoa mezani, na mzee akaitafuta siku tatu. Yeye ni mtu wa Sirisia wa ndani kabisa, ako na sauti inatoka kwa tumbo, na ile ya re na le kwake ni kitu moja. "Nani ameiba chumvi? Mimi si mbuzi nire mboga hivi." Ilisema wanawake wapimwe shingo ya kizazi. Mimi na mama wa duka tukaenda, tukapanda hiyo kitanda ya kuinua miguu, mmoja ndani, mmoja nje akimngoja. Tulitoka tunacheka kama wasichana wametoroka kwao. Nesi alituuliza, "Mnacheka nini, nyinyi kina shosho, nyanya wazima?" Mama wa duka akamwambia, "Miaka mingi hakuna mtu ameuliza habari ya huko."

Mzee alikuwa anatuangalia tu na dharau. Daktari akisema maji glasi nane, yeye anaongeza sukari kwa chai. Daktari akisema mazoezi, yeye ananyoosha miguu juu ya stuli.

Lakini mimi nilikuwa najua kitu. Mwanamke anayefua nguo ya mtu anajua. Mzee alikuwa anaamka mara nyingi, na akienda choo anakaa huko mpaka unafikiri ameanguka ndani. Nikimuuliza anasema, "Ni baridi ya Kitare hii." Baridi gani, na tumeishi na hiyo baridi miaka arobaini. Na mimi nilikuwa nakumbuka kaka yake mkubwa. Kaka yake alisema baridi hivyo hivyo. Alisema baridi mpaka mkojo ikafunga kabisa, wakampeleka hospitali amevimba, na daktari akawauliza tu, "Mlikuwa wapi?" Tulimzika Sirisia, mwezi wa kupalilia. Mzee alirudi kutoka hiyo matanga, na mpaka leo hajawahi kutaja ni nini ilimuua kaka yake. Kwa hivyo mimi nilikuwa naogopa. Nacheka na kila mtu mchana kutwa, lakini nikisikia mlango ya choo, roho yangu inaenda kusimama hapo nje na yeye.

Sasa siku moja kipindi ikiisha wakasema, "Jumapili ijayo, usikose: wanaume na tezi dume." Wakaonyesha mchoro ya mwanaume amekatwa katikati kama papai. Mama wa duka alinifinya.

Hiyo wiki niliandaa mzee kama mtu anaandaa ng'ombe ya maonyesho. Jumapili nikapika mandazi, nikakaanga njugu, nikaweka kiti yake karibu, nikatoa stuli nikaweka miguu yake juu mwenyewe. Akaniangalia na jicho moja. "Kwani nimekufa? Mbona napewa hivi?"

"Kula tu, Baba. Mtu hawezi hudumia bwana yake?"

Kipindi ikaanza. Hiyo siku hawakuwa Nairobi, walikuwa wameenda kurekodia Bungoma, kwa uwanja, watu wengi wamekaa kwa viti za plastiki. Wakaleta daktari. Kumbe ni msichana wa kabila yetu. Akasimama akasalimia watu, "Mulembe," na watu wakajibu, "Mulembe." Mzee alifurahi, akajipiga mkono kwa goti. "Onyesha hao wa Nairobi, msichana." Sasa kulikuwa na mzee mmoja hapo mbele, mwenye fimbo, na nyinyi mnajua wazee wetu, hawawezi kusikiliza mtu kama hawajui ametoka kwa nani. Akauliza, "Daktari, kabla utufunze, wewe ni wa ukoo gani?" Na huyo msichana, na heshima zote, akataja ukoo yake.

Ni ukoo ya mama yangu mzazi.

Kwetu hiyo haina kona. Mwanamke wa ukoo ya mama yangu ni mama yangu, hata kama ni mtoto ya juzi. Na mama yangu, kwa mzee wangu, ni mama mkwe. Mama mkwe humpi mkono. Hukai naye kwa kiti moja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwa mahindi mpaka mwingine apite. Na kutaja kitu ya chini ya mshipi mbele yake, hiyo hata mlevi hawezi.

Mzee alikuwa na njugu kwa mdomo. Aliwacha kutafuna. Na huyo msichana akaangalia kamera, yaani akamwangalia mzee kwa macho kabisa, akasema, "Baba, leo nataka tuongee bila aibu. Ukienda kukojoa, inatoka vizuri?"

Hapo ndio alikimbia.

Mama wa duka alianguka kwa kochi. Alicheka machozi, alicheka bila sauti, akawa anapiga kochi tu. Mimi nilitoka nje nikakuta mzee amesimama nyuma ya nyumba katikati ya kuku, kofia bado iko kwa uso.

"Baba, rudi. Ni televisheni."

"Televisheni iko kwa nyumba ya nani?"

"Kwako."

"Basi mama mkwe ako kwa nyumba yangu anauriza mkojo yangu."

"Hakuoni. Ako Bungoma. Na waliirekodi juzi."

"Mimi ndio nimemuona," akasema. "Inatosha."

Mama wa duka akachungulia na dirisha. "Mzee, kwetu mama mkwe ni mtu tu. Unakunywa naye shai."

"Ndio maana kwenu mmeharibika," mzee akamwambia, lakini pole pole, kwa sababu wanaheshimiana.

Tukarudi ndani. Na baada ya dakika kidogo nikaona kitu. Pembe ya chini ya dirisha, upande ya nje, kulikuwa na kofia ya mzee. Kofia imetulia kabisa, imeegemea ukuta. Nilishika rimoti nikaongeza sauti mpaka mbwa ikaamka. Daktari akasema mwanaume akizeeka hiyo tezi inaweza kukua ikafinya njia. Kofia ikakaa. Akasema kuna ile ya kukua tu na kuna ya kansa, na mtu hawezi kujua bila kupimwa, na hata ya kansa ikishikwa mapema inatibika. Kofia ikakaa. Halafu akasema, "Wengine wanaogopa, wanafikiri lazima daktari aingize kidole." Na akainua kidole.

Kofia ikaondoka. Hatukuiona mpaka saa ya ugali.

Daktari akasema hiyo somo itaendelea wiki nne. Nikasema basi, kama hataki kukaa na mama mkwe, mimi nitambebea maneno. Nikikula naye ugali nikaanza, "Mtazamaji mpendwa, mwili wako ni rafiki yako." Kosa langu ni kwamba nilifanya na sauti ya daktari, na niliifanya vizuri sana, na ile upole yake yote. Mzee akaweka tonge chini. Akainuka, akabeba sahani yake, akaenda kumalizia jikoni. Ati sauti ya mama mkwe pia ni mama mkwe.

Nikajaribu sauti ya pasta wetu. Pasta anavuta maneno kama mtu anavuta ndoo kwa kisima. "Wapeeendwa, hekaaalu ni mwili." Mzee akasema amina, akaendelea kula. Nikajaribu sauti ya chifu, ile ya kukohoa kwanza. Akacheka, lakini akasema chifu hana haki ya kuuliza mtu mambo ya choo mpaka barabara itengenezwe.

Sasa kulikuwa na broka mmoja, mtu wa kununua mahindi, tunamjua sisi wote. Anakuja wakati ya kuvuna, anauma punje moja ya mahindi, anafunga macho, halafu anakuharibia siku. "Mzee, hii iko na maji." Mzee anamchukia, na anampenda. Hawa wawili wanaweza kugombana kwa lango asubuhi mpaka saa sita na wakiachana wanacheka. Siku moja alasiri tulikuwa tumekaa tunapukuchua mahindi ya mbegu, mimi na mzee peke yetu. Nikaokota punje, nikaiuma, nikafunga macho.

"Mzee," nikasema na ile sauti ya broka, ya kukwaruza. "Hii yako iko na maji."

Mzee hakuinua kichwa. Lakini niliona shavu inacheza. "Haina maji. Kichwa yako ndio iko na maji."

"Wacha tuongee kama wanaume. Unaniambia imekauka, na mimi naona unatoka nje kila saa. Gunia ngapi kwa usiku moja?"

Na mzee akajibu. Miaka yote nimemuuliza kama bibi yake, alikuwa ananipa baridi ya Kitale. Broka alimuuliza mara moja tu, akajibu. "Sita. Siku mbaya, nane."

"Nane. Na zinajaa?"

"Hazijai. Unasimama hapo kama mtu anangoja mjumbe. Inakuja kidogo, inakataa. Ukirudi kulala inakuita tena."

"Hiyo ni mali mbaya, mzee. Siwezi nunua hiyo."

Akacheka ile ya tumbo. Mimi nikaendelea kupukuchua, sauti imeshika. "Na rangi? Niambie rangi ya mahindi, usinidanganye, nitafungua gunia."

Akatupa kigunzi kwa karai. Akachukua kingine. "Wiki mbili sasa," akasema, "kuna damu. Kidogo."

Broka alinitoroka. Nilimtafuta kwa koo yangu nikamkosa. Kitu ilitoka ni sauti yangu mwenyewe, nyembamba kabisa, ikasema, "Baba, kama kaka yako?"

Alipukuchua huo muhindi mpaka ukaisha, akaendelea kusugua kigunzi bila kitu. Halafu akasema, "Hiyo daktari. Alisema wanapima wapi?"

Kipindi ilikuwa imetangaza: Ijumaa, uwanja ya Bungoma, wanaume wapimwe bure, na televisheni itakuwa hapo. Nilimwambia twende tu hospitali ya Kitale, iko karibu. Akakataa. Ati foleni ya Kitale imejaa watu wa soko ya mahindi, kesho yake kila mtu atamuuliza amepimwa wapi na kidole ya nani. Bungoma hakuna mtu anamjua. Huyu ni mtu wa Sirisia, hapo hapo karibu na Bungoma, anasema Bungoma hakuna mtu anamjua. Na mama mkwe je? Akasema, "Huyo ni mtu wa televisheni. Wakubwa hawaendagi kushika watu. Atakuwa Nairobi."

Nikafunga mdomo yangu na leso.

Tulifika Bungoma saa tatu ya asubuhi, mimi, mzee, na mama wa duka, ambaye alifunga duka siku nzima kwa sababu alisema hawezi kusimuliwa. Kabla tufike kwa foleni, mzee alikuwa amesalimiwa na watu kumi na mmoja wanaomjua. Binamu, shemeji, mtu walitahiriwa mwaka moja. Huyo wa kutahiriwa alimshika mkono akapiga kelele, "Na wewe pia mkojo?" Foleni yote ikageuka. Mzee akasema amekuja kuangalia kamera.

Kulikuwa na hema mbili nyeupe, na lori ya televisheni, na kijana mtangazaji wa Nairobi amevaa suruali ya kubana, anaongea kama mtu anauza sabuni. "Watazamaji wapendwa, tuko hapa Bungoma, na umati ni mkubwa ajabu." Umati yenyewe ilikuwa wazee wamekaa kimya, kila mmoja anaangalia viatu zake.

Na mlango ya hema ikafunguka, akatoka daktari. Nywele zile zile, koti ile ile. Akaanza mwanzo wa foleni, anasalimia wazee na mkono, mmoja mmoja, kamera inamfuata. Niligeuka kumwambia mzee. Mzee hakukuwa. Kulikuwa na kiti tu, na kofia hapo chini, imeanguka.

Tulimtafuta. Tulimpata nyuma ya jenereta ya watu wa televisheni, ameinama, na kijana wa nyaya anamwangalia akiwa ameshika kiuno. "Niaje, mzee. Hapo si poa, utachomeka."

"Niwache nichomeke," mzee akasema.

"Mathe, huyu ni wako?" kijana akaniuliza.

"Ni wangu. Anakimbia mama mkwe."

Kijana akaangalia huku na huku. "Mama mkwe ni gani?" Mama wa duka akamwonyesha daktari. Kijana akaangalia daktari, akaangalia mzee, akarudia tena. Akasema, "Zii, hiyo hesabu imenishinda," akarudi kwa nyaya zake.

Mzee alikuwa ananiambia turudi nyumbani. Alikuwa anamaanisha. Alisema pole pole, bila mchezo, "Mama, wacha nikufe na heshima yangu." Na mimi niliona hiyo foleni inasonga, na nikaona kaka yake, na nikajua tukirudi Kitale hiyo siku, hatatoka tena. Nikaenda kwa daktari. Nikapita kamera, nikapita huyo mtangazaji aliyekuwa anasema, "Samahani mama, tuko hewani," nikamshika daktari mkono. Kwangu si shida kumshika, ni mama yangu. Nikamwambia kwa kikwetu, kwa sikio. Mimi ni binti wa ukoo wenu. Mzee wangu ako nyuma ya jenereta. Ako na damu kwa mkojo na anataka kwenda nyumbani.

Mimi nilitegemea acheke. Ni mtu amesoma. Ni mtu anainua kidole mbele ya Kenya mzima. Lakini huyo msichana alishtuka, akajifunika mdomo, akaniuliza, "Mwanangu, ako upande gani? Asinione." Na kabla nimjibu, alikimbia. Daktari mzima, na hicho kifaa ya kusikiza moyo inaruka shingoni, akazunguka lori ya televisheni akajificha upande ya pili.

Sasa fikiria. Mzee nyuma ya jenereta. Daktari nyuma ya lori. Katikati kamera, na mtangazaji wa Nairobi anauliza, "Kwani kuna nini? Tumevamiwa?" na wazee wote wa foleni wameelewa, wanatingisha kichwa, wanasema, "Ni sawa. Ni sawa. Hivyo ndio inatakiwa." Mama wa duka alikuwa amekaa chini kwa nyasi. Alisema mbavu zimeisha.

Daktari akaniita. "Mwanangu, mwambie mkwe wangu namsalimia."

Nikaenda mpaka kwa jenereta. "Mama mkwe anakusalimia."

"Mwambie nimepokea," mzee akasema. "Mwambie asimame mbari."

Nikarudi. Umri yangu ni ya kuwa nyanya ya huyo msichana, na yeye ananiita mwanangu, na mimi ninakimbia kati yao kama mpira. "Muulize damu ni ya lini." Nikaenda. "Muulize kama anaumwa mgongo." Nikaenda. Na kila nikipeleka, nilikuwa nafikisha na sauti yangu tu, kavu. Hiyo siku sikuiga mtu.

Mwisho daktari akasema, "Mwambie mkwe wangu hakuna mwanamke atamwona. Kuna daktari mwanaume kwa hema ya pili, si mtu wa huku, ametoka pwani, hana ukoo na sisi hata kidogo. Atatoa damu, ataangalia, atafunga mdomo. Mimi nitakaa hapa nyuma ya lori mpaka mkwe wangu amalize. Asiharakishe."

Nilipomfikishia hiyo, mzee aliinua kichwa. Akauliza, "Atakaa hapo mpaka nimalize?"

"Amesema hivyo."

"Na jua hii?"

"Na jua hii."

Akajipangusa suruali. "Huyo amelelewa," akasema. Akaingia kwa hema ya pili, na daktari wetu wa televisheni akasimama nyuma ya lori na jua ya Bungoma kichwani, na foleni ikangoja, na mtangazaji akatangazia Kenya ati kuna hitilafu ndogo ya mitambo.

Mzee alitoka ameshika pamba kwa mkono, uso umekauka. Nikamuuliza ilikuwaje. Alisema, "Huyo wa pwani ako na Kiswahiri mzuri sana. Anakuomba ruhusa mpaka unashindwa kukataa."

Majibu ya damu haikuwa nzuri na haikuwa mbaya. Walituandikia barua twende hospitali ya Kitale, na sasa aliingia hiyo foleni bila maneno. Wakatoa kanyama kadogo ya hiyo tezi kupima. Tulingoja siku nyingi. Hizo siku mzee alipalilia shamba yote, hata pahali hapakuwa na magugu. Mimi sikuwa na sauti ya mtu yeyote. Mama wa duka alikuja Jumapili akasema, "Mama, nifanyie ile sauti ya shifu kidogo," nikashindwa.

Halafu tukaitwa. Daktari akasoma karatasi juu, akasoma chini, akasema si kansa. Ni tezi imekua tu, na imefinya njia. Itakatwa. Mzee akasema asante. Tulipofika nje, alinunua ndizi nne akazikula zote amesimama, hata hakunigawia.

Alifanyiwa operesheni. Akawekwa mpira wa mkojo siku kadhaa, akalazwa kwa wodi ya wanaume, na wote hapo walikuwa na shida moja, kila mmoja na mfuko wake inaning'inia kwa kitanda kama maziwa ya kuuza. Siku ya kutoa mpira, nesi akasema, "Sasa mzee, leo tunangoja ukojoe mwenyewe. Usipokojoa, mpira unarudi."

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, saa saba. Mzee alikunywa maji kama ng'ombe. Akapewa chupa ya plastiki, wakamfungia pazia. Mimi nikasimama nje ya pazia, mama wa duka nyuma yangu. Na wodi yote ikanyamaza. Hakuna mtu aliwaambia wanyamaze. Wazee kumi na mbili, na bibi zao, na watoto zao, na mtu mmoja aliyekuwa anauza magazeti, wote wameangalia hiyo pazia. Kijiko ilianguka pahali, mtu akasema shh.

Ikakaa. Nikasikia mzee anapumua. Nikasikia anahama mguu. Mzee wa kitanda ya karibu akanong'ona, "Fikiria mto."

"Fikiria Nzoia," mwingine akasema.

"Msimharakishe bana, huyo ni mtu mzima."

Ikakaa tena. Mimi nilikuwa nimeshika pazia na mikono yote mbili. Ndio ikaanza, tone moja, tone mbili, kama mtu anabisha mlango na aibu, halafu ikakamata, ikanyooka, ikapiga hiyo plastiki mpaka ikalia. Haikukatika. Watu walianza kuangaliana. Mzee wa kitanda ya karibu akainuka kidogo kwa mto, akasema, "Mvua imefika Trans-Nzoia. Pandeni." Wodi ikalipuka. Walipiga makofi, waligonga vitanda, mama wa duka akaanza kuimba wimbo ya kanisa lao, na mimi nilikuwa nacheka na nalia na pua imejaa.

Na ndani ya pazia sauti ya mzee, ile ya tumbo, ikasema, "Nyamazeni basi. Bado nakojoa."